Uji wa Leokadia: Kutoka Mpanda hadi Torino

Nyie jirani zangu wa Kawajense mmenichosha. Tangu nirudi siwezi kwenda bombani wala kwa kinyozi bila mtu kunishika mkono: "Deo, hebu tuambie, Ulaya kukoje?" Nami mnanijua. Mbele ya watu wawili ulimi unakuwa mzito, mbele ya watatu naangalia viatu vyangu. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Naandika polepole, kwa mwandiko wa darasa la saba, lakini kwenye karatasi hakuna anayenikata kauli. Someni, mpokezane, kisha mniache ninyolewe kwa amani.

Mambo ya pasipoti nayaruka. Zilikuwa mbili, ya mama na yangu, na zilianza kutafutwa mimba ya dada yangu ikiwa changa, kwa sababu nilitakiwa kumsindikiza mama. Hayachekeshi.

Mnachopaswa kujua ni hiki. Dada yangu Leokadia, aliyenibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inaburuzika chini, aliolewa na Paolo, yule Mwitaliano aliyekuja kuchimba visima. Wakahamia kwao, Torino. Dada alipojifungua, Paolo alipiga simu parokiani. Mtoto mzima, akasema, lakini mama yake hali chakula. Chai tu. Maziwa yanapungua. Akiulizwa anataka nini, anajibu: uji wa ulezi wa kwetu, wenye asali ya porini. Wamemnunulia kila unga unaouzwa huko. Anaonja, anaweka kijiko chini, analia.

Siku ile ile mama akasaga ulezi. Asali ilikuwepo, kwenye kidumu, mfuniko umezibwa kwa nta. Akaongeza migebuka mikavu ya Karema, samaki wa ziwani. Tulipomaliza kufunga mizigo akakaa juu ya kinu na kutangaza:

"Mimi chombo kisicho na mahali pa kushukia njiani sipandi. Atakwenda Deo peke yake."

"Deo haongei!" baba akashtuka.

"Ulezi nao hauongei. Waende wote."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda Ulaya.

Mpanda hadi Tabora, na treni yenye mawazo yake

Treni yetu mnaijua. Ilipiga honi ya kuondoka, watu wakaagana na kulia, kisha ikakaa. Ikapiga tena, watu wakaagana upya, safari hii bila machozi. Ya tatu ndipo ikaenda. Kaliua ilisimama kungoja injini nyingine, na tulingoja mpaka wauza karanga wakatuzoea kwa majina.

Mbele yangu alikaa mzee mwenye kofia ya kufuma, Mzee Kondo, aliyekuja Mpanda kumwona binti yake aliyeolewa na mwalimu, na sasa anarudi kwake Dar es Salaam. Njia nzima alikuwa akiniangalia nilivyokumbatia kidumu.

"Bwana mdogo, kabila gani wewe?"

"Mkonongo," nikajibu, nikiangalia viatu.

"Mkonongo! Ndugu yake Mnyamwezi! Na humo mna nini?"

"Asali."

"Imetekwa." Akakivuta kidumu, akakikalia. "Mimi Mzaramo."

Sasa, kwa mtu asiyejua: Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya mizigo ya kichwani, na sisi Wakonongo tumo kwa sababu ya undugu. Mtani anaweza kukunyang'anya kitu chako mbele za watu, nawe hukasiriki. Unachukua chake, mnakomboana, mnacheka. Na mimi, sijui kwa nini, aibu yangu yote inaishia hapo. Kwa mtani nina mdomo.

"Mzee," nikasema, "hiyo asali ukiikalia, nyuki wote wa Mpanda watahama."

Behewa zima likageuka.

"Kumbe linaongea!" mzee akafurahi. "Nilidhani ni gunia limevalishwa shati."

"Gunia lina faida. Mzaramo mnamtumia kwa kazi gani?"

"Kuwafundisha Wakonongo kuvaa viatu. Hivyo ulivyovaa si umebadilisha kulia na kushoto?"

Nikaangalia, na yeye akapiga kofi paja lake kwa kicheko. Basi nikanyoosha mkono, nikampora kofia, nikaivaa mimi. "Komboa!"

Mama mmoja akatuamua kama hakimu: kofia kwa kidumu, na mgebuka mmoja juu kwa sababu mzee ni mkubwa kwa umri. Nilitoa mgebuka kwa uchungu. Ule ulikuwa wa dada.

Dar es Salaam

Mzee Kondo hakuniacha niende kulala mahali pa kulipia. Alinipeleka kwake Buguruni, akaniweka kibarazani, na kila jirani aliyepita alitangaziwa: "Njooni muone Mkonongo! Anakwenda Ulaya na dagaa wakubwa!" Majirani walikuja. Na kwa kuwa karibu wote walikuwa Wazaramo, kila mmoja alijipa haki ya kuteka kitu. Mke wa mzee aliteka migebuka miwili, akaipika kwa nazi, nikala na mimi. Nakiri ilikuwa mizuri kuliko inavyopikwa kwetu, lakini mama asiambiwe.

Kilichobaki nilikilalia. Unga chini ya kichwa, kidumu katikati ya miguu.

Siku ya kwenda uwanja wa ndege mzee alinisindikiza mpaka pale wasindikizaji wanaporudishwa. Mzaha ukamtoka usoni.

"Sikiliza, Deo. Nimekuona siku hizi. Ukiwa na mtu mgeni unakufa. Ukiwa na mtani unafufuka. Huko unakokwenda, ukikwama mbele ya mtu, wewe jisemee moyoni: huyu ni Mzaramo. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilisikia vizuri mno, kama mtakavyoona.

Kairo, nyuma ya mikate

Ndege ilitua Kairo, na pale tukaambiwa ile ya kutupeleka Roma ni mbovu. Nikatulia kabisa. Wazungu walikuwa wanapiga kelele mezani kwa watu wa ndege, mimi nikajiona nipo Kaliua.

Tukapelekwa hotelini. Mlangoni kijana mwenye koti jekundu akashika mfuko wangu. Nikaushika. Akavuta, nikavuta. Akatabasamu na kuvuta zaidi. Nikajiuliza, huku nako kuna watani? Tulipanda ngazi yote hivyo, kila mmoja na mpini wake, mpaka mlangoni kwangu, ambapo aliachia, akafuta jasho, akainama kwa heshima. Baadaye niliona abiria wengine wanabebewa mizigo, nikaelewa, na nikakaa chumbani kwa aibu mpaka njaa ikanitoa.

Asubuhi walitupa maharage. Maharage ya kuponda, na mafuta, na mkate wa duara. Mzungu mmoja aliyaangalia kama ameletewa udongo. Mimi nilikula yangu, na alipoisukuma mbali sahani yake nikaikaribisha upande wangu.

Kisha nikajasiri kutoka kuuona mji. Nilifika barabarani, nikaishia hapo. Magari ya Kairo hayana mwisho, na yote yanapiga honi kama harusi. Nilisimama mpaka akaja mwanamume juu ya baiskeli, kichwani amebeba ubao mrefu uliojaa mikate, mkono mmoja ameushika, mwingine anaendeshea. Akaingia katikati ya magari bila kuangalia pembeni, na magari yakampisha. Nikakimbia nyuma yake, nikavuka. Upande wa pili sikuwa na kazi yoyote. Niliangalia duka la ndoo, nikatosheka. Kurudi, nikangoja mwenye mikate mwingine.

Roma, na kofia ya serikali

Uwanja wa Roma ni meza ndefu, na nyuma ya meza askari wa forodha. Huyu wa kwangu alikuwa mfupi, mwenye masharubu, na kofia yake ameiweka mezani kwa sababu ya joto. Akafungua mfuko wangu. Migebuka ikamsalimia.

Alirudi nyuma hatua moja. Akaita wenzake. Wakaja, wakainusa, mmoja akapiga ishara ya msalaba. Ikashikwa kwa mkia mmoja mmoja na kutupwa kwenye pipa. Nikajisemea, migebuka ni ya mama, dada hakuiomba.

Wakauchoma unga kwa kitu kama sindano ya kushonea magunia, wakaangalia kilichotoka. Kisha yule mfupi akakinyanyua kidumu cha asali, akakitikisa, akatikisa na kichwa, na mkono wake ukaanza kuelekea kwenye pipa.

Hapo nikamwona moyoni Leokadia anaweka kijiko chini. Nilitaka kusema, na maneno yote niliyowahi kuyajua yakakimbia. Ndipo nikamkumbuka Mzee Kondo. Nikajisemea: huyu ni Mzaramo.

Nikachukua kofia yake mezani, nikaibana kwapani.

"Komboa!" nikasema.

Mtoto mmoja aliyekuwa analia aliacha. Yule askari akanyoosha mkono kudai kofia. Nami nikanyoosha mkono kudai kidumu. Akasema neno kali. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba kichwa chake bila kofia kinafanana na kitunguu. Nilikuwa nafanya kila kitu sawasawa kama kwetu, ila yeye hakuwa anacheka, na hilo lilianza kunitia wasiwasi.

Nilipelekwa chumba kidogo, mimi, kofia, unga na kidumu, kwa maana hakuna aliyeachia cha mwenzake. Akaletwa mkubwa wao, mrefu, mwenye miwani. Wakaniuliza kwa lugha moja, kwa ya pili. Nikaangalia viatu. Mwisho wakamtafuta mtu wa kanisa dogo la pale uwanjani, naye akamleta sista mmoja mweusi, Sista Perpetua, Mhaya wa Bukoba anayesoma Roma, aliyekuja kuwapokea wenzake.

"Kijana," akasema, "wanadai umemwibia askari kofia. Umerogwa?"

Nikamweleza yote. Dada hali, uji, asali, Mzee Kondo. Nilipofika kwenye "jisemee ni Mzaramo" sista akashika ukuta. Mabega yakawa yanatetemeka. Nilidhani analia, nikaona aibu kumwangalia.

"Umemteka," akasema akipata pumzi. "Umemteka askari wa Italia!"

Alipowatafsiria ilichukua muda, kwa sababu kila akifika katikati alianza tena kucheka. Yule mfupi alibaki amenuna. Lakini yule mkubwa akavua miwani, akauliza swali.

"Anauliza," sista akaniambia, "hao watani wanatokea wapi. Nimemwambia ni watu wa pwani na watu wa bara. Anasema basi anaelewa. Yeye ni wa Milano, bara. Huyu mfupi ni wa Napoli, pwani. Anasema amemvumilia miaka mingi bila kujua kwamba anaruhusiwa kumnyang'anya vitu."

Mkubwa akasema neno lingine, na hata mfupi masharubu yakacheza kidogo. Lakini sheria ikabaki sheria: waone kwamba ni chakula. Wakabandua nta, wakaleta kijiko. Nikanywa asali, nikabwia unga mkavu juu yake, nikakohoa vumbi la ulezi kwenye karatasi zao. Yule mfupi naye akachovya kidole, akaonja. Akachovya tena. Mkubwa akamwondolea kidumu mkononi, akanipa.

Nikatoa kofia kwapani. Niliifuta kwanza.

"Na migebuka?" nikamwuliza sista.

"Usijaribu bahati yako," akasema. Akanipeleka mwenyewe mpaka stesheni, akanipandisha treni ya Milano, na kunionyesha kwa vidole: Milano unashuka, unapanda ya Torino. Ya Torino. Nikamwambia treni nazijua.

Milano, ambako treni haiagi

Ndani ya treni nilifungua mikate niliyobakiza ya Kairo, nikawakaribisha wote waliokaa nami, kama inavyopasa. Karibuni, nikaonyesha kwa mkono. Wakageukia dirishani. Mwanamume mmoja akainuka akahamia behewa lingine. Nikala peke yangu, na sijawahi kula chakula kigumu hivyo kumeza.

Stesheni ya Milano ingeweza kufunika soko letu lote, na kanisa, na uwanja wa mpira. Nilimwonyesha mtu karatasi yenye jina Torino, akanionyesha treni. Ilikuwa pale, milango wazi. Nikaiangalia, nikaona bado. Watu hawajaanza kuagana, hakuna aliyelia, honi haijapigwa hata ya kwanza. Nikakaa kwenye benchi karibu nayo, nikapumzika vizuri.

Treni ikafunga milango na kwenda zake. Kimya. Bila hata kukohoa.

Nilibaki nimesimama. Shemeji Paolo alikuwa ameahidi kunipokea Torino, na sasa treni ilikwenda kumpelekea kiti kitupu. Nikaanza kutembea huku na huku, na mfuko mgongoni, mpaka nikasikia mtu ananigombeza kwa nyuma. Alikuwa mama mwenye fagio, nguo za kazi za bluu. Akaonyesha sakafu. Toka benchi mpaka nilipo, mstari mwembamba wa rangi ya udongo. Pale walipochoma sindano Roma palikuwa pamepasuka, na unga wa dada ulikuwa unaimwagikia Milano.

Nilipiga magoti nikaanza kuukusanya kwa viganja. Yule mama akanipiga mkono, kama mama anavyompiga mtoto anayekula mchanga. Akasema maneno mengi, nami nikamjibu mengi kwa Kikonongo, kila mmoja akimlaumu mwenzake nadhani. Lakini macho yangu yalikuwa yamelowa, na akaona. Akaegemeza fagio. Akatoa mfukoni mwake gundi ya karatasi, ile ya kuzungushia, akaufunga mfuko ule kwa kuuzungusha kama anafunga jeraha, mara nyingi mno, akaikata gundi kwa meno. Kisha akanishika mkono wa shati, akanipeleka mpaka treni nyingine, akanisukuma ndani. Nilipotaka kushuka ningoje honi, alinionyesha fagio.

Torino

Paolo sikumkuta. Alikuwa ameingoja treni ya kwanza, akadhani nimepotelea Roma, akaondoka kwenda kuuliza. Mimi nilikuwa na anwani kwenye karatasi. Nikawa namwonyesha huyu, ananielekeza kwa kidole, nafuata kidole mpaka kinaisha, namwonyesha mwingine. Nikafika nyumba ndefu ya ngazi. Nikapanda. Mlango una kengele, nikaibonyeza.

Akafungua mama mnene mwenye nywele nyeupe na aproni. Mama mkwe wa Leokadia. Alinitazama, akautazama mfuko, akatazama kidumu. Nikaangalia viatu. Baadaye ndiyo nikaambiwa kwamba Waafrika wanaopanda ngazi zile na mizigo huwa wanauza mikanda na miavuli. Yule mama alitikisa kidole, akasema kitu kwa upole kabisa, akafunga mlango.

Nikakaa kwenye ngazi. Nilifikiri kubonyeza tena, mkono ukakataa. Nilifikiri kumngoja Paolo, lakini kama angekwenda mpaka Roma? Mle ndani mtoto akaanza kulia. Kilio chembamba, cha mtu ambaye hajashiba. Kisha sauti ya kumbembeleza, ya Kikonongo, iliyochoka sana, sauti ya dada yangu kabisa.

Hakuna Mzaramo aliyekuwepo wa kumsingizia. Nilisimama, nikajaza kifua, nikafanya kile ambacho ningefanya kwenye mlango wowote wa Kawajense:

"HODIII!"

Ngazi zote ziliitika. Juu mlango ukafunguliwa, chini mlango ukafunguliwa, mbwa akabweka. Na ndani, kabla hata hajafikiri, Leokadia akajibu kwa nguvu zote:

"Karibuuu!"

Kisha kitu kikaanguka na kuvunjika, na miguu ikaja inakimbia.

Yaliyofuata mlangoni siyaandiki. Alikuwa amekonda mpaka pete inazunguka kidoleni. Alinigombeza kwa kuchelewa, akanigombeza kwa kurefuka, akanipa mtoto nikamshika kama ninavyoshika kidumu. Mfuko akaufungua kwa kisu, akaingiza uso mzima ndani, akakaa hivyo.

Akapika mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Mama mkwe alisimama kando ya jiko, mikono ameikunja. Siku zote zile alikuwa amempikia mkwewe vyakula vyake vizuri na kurudishiwa sahani zimejaa, na usoni alionyesha yamemfika kooni. Walikuwa hawasemeshani, Paolo aliniambia baadaye, ila kwa habari za mtoto.

Uji ukaiva. Dada akamimina asali, akachukua sufuria yenyewe, si bakuli, akaenda kusimama dirishani, akatupa mgongo asije mtu akamwomba. Tulisikia kijiko tu. Kilikwenda kwa haraka, kikapunguza, kikaanza kukwangua.

Alipogeuka, yule mama alimchukulia sufuria mkononi. Akaangalia ndani. Akachota ukoko kwa kidole, akaulamba, uso wote ukakunjamana kama amemeza dawa. Akasema jambo moja refu, kwa sauti ya chini.

Leokadia akacheka, akafuta mdomo.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema ni mbaya mno, hajapata kula kitu kibaya hivi." Dada akaniangalia, machozi yanamtoka. "Na anauliza, maji unatangulia kuyachemsha, au unga unaukoroga kwanza?"